Vichwa vya Watu

Kila jioni, sakafu ikisha kufagiwa na mashine za kukaushia nywele zikisha kufunikwa, tajiri wetu huuliza swali lile lile: "Leo vichwa vingapi?" Hasemi watu, husema vichwa. Nami humjibu kwa hesabu hiyo hiyo: vitatu, vinne, na siku ya Jumamosi hata saba. Kwa muda wa miaka minane swali hilo lilinipita sikioni kama yapitavyo maneno ya mazoea. Jioni moja ya mwezi wa Juni, mwaka 2024, lilinikwama. Nilikuwa nimeshika ufagio, na mbele yangu palikuwa na rundo la nywele, za kweli na za plastiki, zimechanganyika na vumbi jekundu la Songea. Nikajiuliza: na changu je? Katika hesabu hii, kichwa changu kimo?

Watu wa kwetu husema kinyozi hajinyoi. Methali hiyo aghalabu hutumika kumkumbusha mtu kwamba kila mmoja ana haja ya mwenziwe. Lakini mimi, niliyeishi ndani yake, nimeona kuwa ina upande mwingine. Mwenye kushughulikia vichwa vya watu mchana kutwa anaweza kupitisha miaka mingi bila ya kuuliza kilicho ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Unguja, niliyezaliwa na kulelewa Ng'ambo. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa msusi na mpambaji wa maharusi. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na mkeka, kitana cha mti, kichupa cha mafuta ya nazi na sauti ya kusimulia. Watoto wa mtaa mzima tulipita baina ya magoti yake, mmoja baada ya mmoja, na hakuna aliyeondoka na nywele tu. Huyu aliondoka na kitendawili, huyu na onyo, huyu na habari ya shangazi yake aliyekufa kabla hajazaliwa. Ilipokuwa harusi, nyumba ilinuka liwa, dalia na karafuu wiki nzima, kwani singo haitwangwi siku moja, na bibi harusi alisingwa na watu waliomjua tangu yu tumboni. Bibi alilipwa, nisije nikaipamba hadithi kuliko nilivyompamba mtu yeyote. Alilipwa fedha, akapewa kanga, na mara nyingine hakupewa kitu akanyamaza. Lakini sikupata kumsikia akihesabu vichwa.

Nilikuja Songea mwaka 2014, kwa ajili ya ndoa. Mume wangu ni Mngoni, mwalimu wa shule ya msingi. Wakati ule basi lilitoka Ubungo alfajiri, likapita Mikumi, likapanda Kitonga, likazipita Iringa, Makambako na Njombe, na baada ya zaidi ya kilomita 900 likatushusha usiku katika baridi ambayo mtu wa visiwani haijui isipokuwa kwa kuhadithiwa. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai mtu huamka akaona pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi wa udi. Wiki za mwanzo nililia. Kisha mama mkwe alinichukua akanionyesha milima ya Matogoro, akaniambia kwamba humo ndimo unamoanzia mto Ruvuma, na kwamba maji yake hayaishi kutembea mpaka yamefika baharini. "Basi ukiwakumbuka wenu," akasema, "tazama huko. Maji haya yanakwenda kwenu." Sijasahau wema wa maneno yale.

Katika saluni niliingia mwaka 2016. Sikuitafuta kazi hiyo, ilinitafuta yenyewe. Palikuwa na msiba mtaani kwetu, Bombambili, nami nikawasuka wanawake wawili mtindo ule uitwao twende kilioni, mistari michache ya kurudi nyuma, isiyo na pambo, ambayo mwanamke husukwa harakaharaka apate kuwahi kwa wafiwa. Jina hilo nalipenda mpaka leo. Ndilo jina la mtindo linalokiri kwamba nywele zipo kwa ajili ya mtu, na mtu yupo kwa ajili ya watu. Mama mmoja aliyeniona nikisuka aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwenye mkeka wa bibi yangu. Yeye alikuwa na saluni karibu na Soko Kuu, akaniomba nikamsaidie siku za Jumamosi. Ikawa Jumamosi na Ijumaa, kisha ikawa wiki nzima. Wateja wakaniita Mpemba, ingawa Pemba nimefika mara mbili tu maishani mwangu. Bara, kila atokaye visiwani ni Mpemba, na nilichoka kusahihisha.

Ni haki niseme mazuri ya kazi hii kabla ya kusema uchungu wake. Nimefahamu mji kwa kupitia vichwa vya watu wake. Nimejua kwamba riziki ya msusi wa Songea inafuata mahindi. Mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, fedha zote huingia ardhini, zikawa mbegu na mbolea, na sisi tukakaa vibarazani tukisukana wenyewe kwa wenyewe. Mavuno yakiingia kuanzia mwezi wa Mei, na magari ya mahindi yakipanga foleni kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wanawake huja. Huja waliouza magunia, huja maharusi, huja mama aliyengoja mwaka mzima aketi saa tatu mtu mwingine amhudumie. Nimesikia katika kiti kile habari ambazo padri na shehe hawakuambiwa. Mwanamke akishakupa kichwa chake, ulimi wake hulegea. Amana hiyo si ndogo, na sijapata kuivunja. Hata katika makala hii sitaivunja.

Basi uchungu ulitoka wapi? Kwa muda mrefu nilidhani ni uchovu. Msusi husimama. Miguu huvimba, mgongo huuma, vidole hukakamaa kwa rasta ndogondogo za saa saba. Malipo yetu ni theluthi ya bei ya kila kichwa, na siku isiyo na kichwa haina kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na inasema mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Nimeisoma, kwa sababu mume wangu alinileteà nakala. Lakini katika saluni nyingi za mji wowote wa nchi hii, mkataba ni neno la mdomo na kikombe cha chai. Sikuwa na kinyongo na hilo. Tajiri wangu mwenyewe alikuwa na kodi ya chumba na mkopo wa benki, na mara nyingi alikwenda nyumbani na kidogo kuliko mimi. Uchovu huponywa na usingizi. Huu wangu niliamka nao.

Hapana, uchungu ulitoka katika dawa.

Nasema dawa kwa sababu ndivyo tuiitavyo, bila ya kuongeza neno. "Unatia dawa?" "Ndiyo, dada, natia." Dawa hiyo ya kulainisha nywele, zile kali kabisa, msingi wake ni kostiki, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Huulegeza ule mshikamano wa ndani unaoufanya unywele wetu ujikunje, ukalala. Ikikaa dakika zaidi ya ilivyoamriwa, au ikiukuta utosi uliokunwa, hula ngozi. Kwa hiyo kuna adabu zake: mteja asijikune siku ile, ngozi ipakwe mafuta mazito kwanza, saa itazamwe, na maji yawepo tele. Adabu hizi nilizijua zote. Nilizijua, na siku ile ya Juni niliyoitaja mwanzoni sikuzifuata.

Alikuja msichana wa miaka ishirini hivi, pamoja na mama yake, kutoka kijiji cha njia ya Mbinga. Baba yake alikuwa ameuza mahindi, na binti alikuwa na sherehe ya kuagwa Jumamosi. Hajapata kutia dawa maishani mwake. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, nzito, nywele ambazo bibi yangu angezishika akasema mashallah kabla hajazigusa na kitana. Nikampaka. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Inachoma, dada." Nami nikamjibu neno tunalolijibu sote, "Vumilia kidogo, ndiyo inashika." Nikamtazama tajiri wangu, akatikisa kichwa kwamba bado, hazijalala. Baada ya dakika chache umeme ukakatika. Pampu ikasimama, na bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Katika saluni palikuwa na ndoo moja ya maji, nusu yake imekwisha kutumika.

Msomaji ataelewa yaliyofuata bila ya mimi kuyarefusha. Tulikimbilia kwa jirani, tukabeba maji kwa makopo, tukamwosha. Binti hakupiga kelele. Alishika mikono ya kiti na machozi yakamtoka kimyakimya, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Nyuma ya sikio na katika paji la utosi ngozi ilikuwa imekwisha kuchubuka. Mama yake aliuliza, si kwa hasira, bali kwa heshima ya mtu wa shamba aliyeingia mahali pasipo pake: "Ndivyo inavyokuwa, mwanangu?" Na tajiri wangu akaniwahi kwa jicho. Nikasema, "Ngozi yake ina joto, mama. Kwa wengine huwa hivyo."

Ngozi yake ilikuwa haina joto. Ilikuwa ngozi ya binti wa watu aliyeketi katika dawa kali kupita kiasi chake, na mimi ndiye niliyeishika dawa. Jioni ile nilipoulizwa vichwa vingapi, nilijibu, "Vinne." Kile kilihesabiwa.

Jumamosi walirudi. Sikutegemea. Mama yake aliomba nimfunge binti kilemba kitakachoficha mahali palipochubuka. Nikamfunga kilemba cha kitenge, nikatumia ufundi wangu wote, nikakataa malipo. Mama akanishukuru mara tatu. Sijapata kushukuriwa kwa namna iliyonitia aibu kama ile.

Tangu hapo nilianza kusoma. Katika mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walikuwa wametangaza matokeo ya utafiti uliofuata wanawake 33,497, wa umri wa miaka 35 hadi 74, kwa muda wa karibu miaka 11. Waliona kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa uzazi kuliko wasiotumia kabisa. Kwa hesabu yao, kati ya wanawake 100 wasiotumia, wapata wawili hivi wangeugua kabla ya kufika miaka 70. Kati ya watumiaji wa mara kwa mara, wapata wanne. Saratani hiyo si ya kawaida sana, na kuonekana pamoja kwa mambo mawili si ushahidi wa mwisho kwamba moja limezaa jingine. Watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini mimi sikuwa hakimu anayesubiri ushahidi wa mwisho. Nilikuwa mwanamke mwenye mikono ndani ya mkebe. Mteja wangu hukutana na dawa mara nne au sita kwa mwaka. Mimi huivuta pumzi kila siku iendayo kwa Mungu.

Kisha kulikuwa na mkorogo. Juu ya rafu ya nyuma, isiyoonekana na anayepita njiani, palikuwa na makopo ya kung'arisha ngozi. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Zebaki huingia mwilini ikaharibu figo. Haidrokwinoni huweza kuiacha ngozi na madoa meusi kuliko weusi uliokimbiwa. Wanawake waliovitaka walijua kwamba havitakiwi, na ndiyo maana waliviulizia kwa kunong'ona. Mimi sikuvipaka. Nilisema kwamba hiyo si kazi yangu, nikampisha mwenzangu, nikajiona mtu safi. Lakini theluthi yangu ilitoka katika mtoto wa meza ile ile.

Nisijifanye kwamba ubaya ni wa bara na wema ni wa kwetu. Nilipokuwa nikiitafakari dawa ya saluni, nilikumbuka piko. Wanawake wa Songea hunialika kuwapamba maharusi wao kwa sababu natoka visiwani, nami nimekuwa nikiwachora maua meusi mikononi na miguuni, yakasifiwa. Hina yenyewe haina weusi ule. Hina ni jani, na rangi yake ni nyekundu ya kahawia. Weusi ule unatoka katika unga wa kutilia nywele rangi, ambao haukukusudiwa kupakwa kwenye ngozi ukakaa, na umewaacha maharusi wengi wa pwani na malengelenge mahali palipokuwa na maua. Haya tumeyafanya wenyewe, katika nyumba zinazonuka asumini, kwa mikono ya makungwi na masomo. Bibi yangu mwenyewe, mwisho wa maisha yake, alichanganya piko kwa unga wa dukani. Hakuna aliyemwambia. Mimi nimeambiwa.

Makumbusho ya Maji Maji yako Mahenge, hapa hapa mjini. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi kama mtu anavyoupita mlango wa jirani. Mwaka 2025, tarehe 27 Februari, siku ambayo mji huwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906, mume wangu alinishika mkono tukaenda. Nilisimama mbele ya kaburi la halaiki, kisha mbele ya kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umepewa jina lake. Wazee wa hapa wanasema kwamba alizikwa bila ya kichwa. Kichwa kilikatwa, na inaaminika kilisafirishwa kwenda Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali pale pale, akaonana na watu wa ukoo wa Nduna, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake, na akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta.

Sithubutu kufananisha mateso ya watu wale na vijishughuli vya saluni. Lakini mwanadamu hubeba kazi yake kila aendako, na mimi kazi yangu ni vichwa. Nilisimama pale nikafikiri juu ya ukoo ambao kwa miaka zaidi ya mia moja unauliza kuhusu kichwa kimoja. Hawaulizi vichwa vingapi. Wanauliza kilipo kimoja, cha mtu mmoja, mwenye jina. Kwao hakuna hesabu itakayokifidia. Nikamkumbuka yule binti wa njia ya Mbinga, ambaye sikuuliza hata jina lake, na nilimhesabu kuwa wa nne.

Njiani tukirudi nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuacha. Hakustaajabu. Yeye ni mwalimu, na walimu hupenda ubao. Jioni ile alichukua karatasi akapiga mistari. Ada na sare za watoto wawili. Mahindi ya shamba la mama, ambayo hayauzwi yote. Mshahara wake. Pengo lililobaki lilikuwa sawasawa na theluthi yangu, hata tukacheka. Tukaandika njia zilizopo. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapa Songea, na ushonaji unafundishwa. Lakini ni miezi bila ya kipato, na mafundi cherehani wamejaa barabarani. Dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Mbamba Bay huuzika vizuri. Lakini biashara hiyo hutaka mtaji na safari, na watoto wetu ni wadogo. Kuna mikopo ya halmashauri, asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kati yake zikiwa za wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, lakini hutolewa kwa kikundi, na kikundi hakizaliwi kwa siku moja.

Nilimpigia mama simu Unguja. Nilitaka aniambie, rudi nyumbani, au aniambie, acha. Mama hakusema hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kazi mbaya si mchezo mwema. Usiache kwa kuwa umechoka, maana utachoka na huko uendako. Kama kuna kitu ndani yake kimeharamika moyoni mwako, hicho ndicho ukiache. Hebu nitajie ni kipi." Nikakaa kimya na simu sikioni. Nikasema, "Dawa, mama. Na uongo." Akauliza, "Na kusuka je?" Nikasema, "Kusuka, la." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mbona unataka kutupa kitana pamoja na ndoo?"

Ndipo nilipomkumbuka Siti binti Saad. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuhadithiwa habari zake. Shaaban Robert ameiandika wasifu wake, na sauti yake iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 ingali inasikika. Sisi hupenda kumsifu kwa pale alipofika. Mimi usiku ule nilimfikiria pale alipotoka: mwanamke wa Fumba anayezunguka mitaa ya mji, vyungu kichwani, akinadi. Alipobadili kazi hakuitupa sauti yake ya kunadi. Alivitua vyungu, sauti akaenda nayo. Labda hilo ndilo tunalokosea, sisi tunaowaza kuhama kazi. Tunadhani kuhama ni kutoka mikono mitupu, kama mtu aliyekimbia moto. Kumbe kazi yoyote tuliyoifanya kwa miaka ina kitu kimoja kilicho chetu na vitu vingi vilivyo vya wenyewe; anayejua kuvitenga ameshahama nusu ya safari.

Katika saluni kuna daftari tunaloandikia mafuta yaliyopungua na rasta zilizokwisha. Mwezi wa Mei, siku isiyo na mteja, niliandika nyuma yake ubeti huu. Si kitu mbele ya malenga wanaosoma kurasa hizi, lakini nilipouandika nilijua nimekwisha kuamua.

Mikono yangu kichwani, moyo wangu uko mbali,
Nasuka tangu zamani, sijatunza yangu hali,
Nimeweka mizanini, riziki na uhalali,
Kitana nipatieni, dawa yenu sikubali.

Nilimweleza tajiri wangu asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mimi nilimpa miezi miwili, msimu wa mahindi usimkute peke yake. Nilitegemea ugomvi. Alikaa katika kiti cha wateja, akajitazama katika kioo, akavua kilemba chake. Katika miaka yote ile sikuwa nimepata kukiona kichwa chake kitupu. Mbele na pembeni nywele zilikuwa zimekwisha kuondoka, na ngozi inang'aa kama kiganja. "Unadhani sijui, mdogo wangu?" akasema. "Mimi nimetia dawa tangu nina miaka kumi na minne. Lakini mteja asipoipata kwangu ataipata mlango wa pili." Sikuwa na jibu. Nilichukua mafuta, nikampaka utosi taratibu, kama alivyokuwa akinipaka bibi yangu, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Mteja wa kwanza alipobisha hodi, alifunga kilemba chake upesi, akainuka, akatabasamu.

Sasa nasuka barazani kwangu, Bombambili, juu ya mkeka. Nasuka mistari, uzi, vitunguu, twende kilioni, na rasta kwa anayezitaka. Hina napaka, piko sipaki. Anayetaka dawa namweleza ninachokijua, na wengi wao hunyanyuka wakaenda mlango wa pili, kama nilivyoambiwa. Kipato kimepungua. Mume wangu amechora mistari mipya katika karatasi yake, na mistari hiyo haijakutana. Wala sisemi kwamba nina furaha kila siku. Mgongo ni ule ule, na baridi ya Julai barazani ni kali kuliko ya ndani ya saluni. Lakini hofu ya kuulizwa "ndivyo inavyokuwa, mwanangu?" imenitoka.

Juzi alikuja mwanamke na mtoto wa kike wa miaka sita, kumsuka kwa ajili ya shule. Mtoto alikaa baina ya magoti yangu, akalia kidogo kitana kilipokutana na fundo, kisha akatulia. Akaniuliza kwa nini nazungumza kama watu wa redioni. Nikamwambia natoka mbali, huko ambako maji ya Matogoro humalizikia. Akataka kujua kama yanafika kweli. Nikamwambia yanafika. Kabla sijaanza msuko wa pili nilimwuliza jina lake, akalitaja, nami nikalirudia ili nisilisahau.